Nilitibiwa ili Nishtakiwe

Watu wakiniuliza nilifungwa kwa kosa gani, huwa nawasahihisha kwanza kabla sijawajibu. Sikufungwa. Niliwekwa rumande, na tofauti yake ni kubwa kwa aliyekuwa ndani, hata kama kwa aliye nje ukuta ni ule ule. Aliyefungwa anajua anatoka lini. Mimi nilikuwa nikiingoja kesi, na kesi ilikuwa ikiningoja mimi nipate akili. Tukakaa hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaoijua habari yangu hunitambulisha kwa jambo lile moja tu, kama kwamba kabla yake sikuwahi kuwa mtu. Nimeshona sare za shule, suti za harusi na mapazia ya ofisi hapa Voi kwa miaka mingi, na mpaka leo nikikutana na mtu macho yangu huanzia mabegani mwake kabla ya kufika usoni. Ni tabia mbaya, najua. Lakini kule ndani ilinifaa. Kila askari aliyepita mbele yangu nilimpima kimya kimya, nikamrekebishia sare kichwani mwangu, na muda ukasogea.

Kwetu ni Mwanda, juu milimani. Baba alipofariki, boma lilibaki mikononi mwa kaka yangu. Tulizaliwa wanaume wawili tu, na dada zetu waliolewa mbali. Kaka ni mzee wa kanisa, mtu wa kufunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni hata jua likiwaka namna gani, mtu asiyecheka ovyo wala kusema maneno mengi. Alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi ndani ya zizi la mbao alilolijenga kwa mikono yake. Maziwa ya ng'ombe wale ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Mimi ndiye niliyelichoma zizi lile, ng'ombe wakiwa ndani.

Nimeshalisema. Sasa naweza kuendelea.

Sikuamka siku moja nikaamua kuchoma mali ya ndugu yangu. Ilianza huku chini Voi, kwa kukosa usingizi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kazi ya sare imenijaa mpaka mlangoni, nami nikaona kulala ni kupoteza muda. Kisha nikaanza kusikia sauti. Mwanzoni ilikuwa moja tu, ya mwanamke, aliyekuwa akitaja ninachokifanya: sasa anatia uzi, sasa anakata, sasa anatafuta mkasi na mkasi uko pale pale. Sikuogopa. Mtu anayekaa peke yake na cherehani kutwa nzima, kusemeshwa si jambo la kulalamikia.

Baadaye zikaja nyingine zisizo na adabu. Hizo ndizo zilizoniambia kwamba kaka anayasikiliza mawazo yangu kutoka kule mlimani, kwamba ndani ya majani ya nepia aliyowawekea ng'ombe kuna kitu amekificha, na kitu hicho kinanasa kila ninachowaza. Anayetaka kucheka acheke. Nilikuwa na hakika na jambo hilo kuliko nilivyo na hakika leo kwamba ninaandikia mezani. Nilipanda mlima nikafika mchana kweupe, watu wakiwa mashambani, nikawasha kiberiti kwenye majani makavu. Ng'ombe mmoja alikata kamba akatoka. Yule mwingine hakuweza.

Kaka alinikuta nimekaa kando, natazama. Hakunipiga. Aliwazuia majirani waliotaka kunipiga, akanifunga mikono kwa kamba ile iliyokatika, akampigia chifu simu. Tangu wakati ule hakunisemesha tena, hata kwa tusi.

Siku ya kwanza mahakamani karani alisoma mashtaka kwa Kiswahili, akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa sana, ila aitwe kwanza yule ng'ombe aliyetoka, maana yeye ndiye shahidi. Watu waliokaa nyuma walicheka. Hakimu hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, amevaa koti lililombana kwapani, na alivua miwani akanitazama kwa muda. Kisha akaagiza nipelekwe kwa daktari wa akili kabla sijajibu shtaka lolote, ili ijulikane kama naweza kuifuata kesi yangu mwenyewe. Dhamana haikuzungumzwa. Mtu pekee ambaye angenidhamini ndiye aliyekuwa mlalamishi.

Kuagiza ni jambo moja. Daktari wa kesi kama yangu alikuwa Mombasa, na kunifikisha kwake kulihitaji gari na askari wa kunisindikiza. Siku gari lipo, askari wana kazi nyingine. Siku askari wapo, gari limeenda kwingine. Kila niliporudishwa mbele ya hakimu kesi ilitajwa tu, ripoti haipo, nikarudishwa rumande. Sitadanganya kwamba niliteseka sana wakati huo. Nilikuwa na wenzangu kichwani. Walioteseka ni wale waliolala karibu nami.

Kuhusu mimi, chumba chetu kiligawanyika pande mbili. Walioamini kwamba nina wazimu walivuta magodoro yao mbali na langu. Walioamini kwamba naigiza ili nikwepe kesi walinisogelea, tena kwa heshima. Mkubwa wa hao alikuwa mzee mmoja kutoka Mata, kule Taveta karibu na mpaka, mkulima wa ndizi aliyeshtakiwa kwa kumkata jirani yake kwa jembe walipogombania zamu ya maji ya mfereji. Alikuwa na mwili mpana na suruali iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Aliyemshonea alimpunja kitambaa, hilo sina shaka nalo. Tangu siku ya kwanza alilala ubavuni mwangu na hakuwahi kuhama.

"Fundi, wewe ni mkali," aliniambia. "Hiyo ya ng'ombe kuwa shahidi, hiyo hata wakili hawezi kuitunga. Umeitoa wapi?"

Nilimwambia nimeambiwa na mwanamke mmoja anayekaa ndani ya sikio langu. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema hata hapo naendelea kuigiza, kweli mimi si mchezo.

Hatimaye gari na askari walipatikana siku moja, nikapelekwa Mombasa. Wodi ya watu wenye kesi ilikuwa na mlango wa chuma na joto ambalo sisi watu wa mlimani hatukuumbiwa. Walinivika sare ya kijani iliyoshonwa na mtu aliyewachukia binadamu wote, mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Daktari alikuwa dada wa umri mdogo kuliko wangu, mwenye sauti ya chini, na nilipomtazama macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye pindo la koti lake jeupe. Lilikuwa limefumuka, naye alikuwa amelishika kwa pini za stepla. Pini za stepla! Sikusikia swali lake la kwanza.

"Nauliza, leo ni tarehe ngapi?" akarudia.

"Daktari, mimi natoka rumande. Nani amenipa kalenda?"

Aliandika. Akaniambia nitoe saba kwenye mia, kisha niendelee kutoa saba. Nikamwambia kipimo changu ni inchi, na futikamba ndiyo inayohesabu, si mimi. Akaandika tena. Akaniuliza maana ya methali moja ambayo kila mtoto wa darasa la nne anaijua, nami nikamweleza kwa kirefu na kwa ufasaha, na maelezo yangu yakapitia njia nyingi mpaka yakamfikisha kwenye majani ya nepia. Hapo akaweka kalamu chini.

"Bado hatujafika," alisema kwa upole. "Utakaa na sisi kidogo."

Matibabu yenyewe hayana hadithi. Kuna sindano, kuna vidonge asubuhi na jioni, kuna nesi anayekuambia ufungue mdomo uinue ulimi aone kama umemeza. Nililala kama mtu aliyekuwa anadaiwa usingizi wa mwaka mzima. Sauti zikaanza kupungua. Zile za matusi ziliondoka kwanza, nikashukuru. Iliyobaki mpaka mwisho ni ile ya kwanza kabisa, ya mwanamke, ambayo haikuwahi kunitendea ubaya wowote.

Asubuhi moja niliamka nikaanza kuvaa ile sare mbaya, nikangoja aseme, sasa anafunga vifungo. Hakusema. Nikafunga kimoja nikangoja tena. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa nimeshika kifungo cha pili, na nilikuwa peke yangu kwa namna ambayo sikuwahi kuijua, hata katika zile siku za kushona mpaka usiku bila mteja. Ni ndani ya ukimya ule nilipomsikia ng'ombe. Haikuwa sauti ya ugonjwa. Ilikuwa kumbukumbu, jinsi alivyolia, na jinsi mlio ule ulivyokatika. Nilikuwepo. Mkono uliowasha kiberiti ulikuwa huu huu uliokuwa umeshika kifungo. Nililia sana, mpaka nesi akaja kuniuliza ninaumwa wapi.

Nilimchukia daktari kwa muda baada ya hapo. Nilimwambia wazi: umenitoa mahali ambapo sikuwa na kosa, ukanileta hapa. Hakukasirika. Alisema wengi humwambia hivyo.

Tena dawa ilikuja na jambo lake. Mikono yangu ilianza kutetemeka. Kwa mtu mwingine labda ni usumbufu wa kumwaga chai. Kwangu ilikuwa ni kufungiwa duka. Nilijaribu kutia uzi niliouchomoa kwenye shuka katika tundu la kifungo, nikashindwa, na tundu la kifungo hata kipofu analijua. Nikamwomba daktari sindano ya kushonea, nijijaribu. Akasema katika wodi ile sindano za aina hiyo haziruhusiwi, nami nikamwambia hata pini za stepla hazifai kuruhusiwa kwenye koti la daktari. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Alipunguza dawa moja, akaongeza kidonge cha kutuliza mikono. Siku ya kupimwa tena nilipoletwa ofisini kwake, askari akasimama mlangoni, daktari alikuwa amelivua koti na kuliweka mezani. Kando yake kulikuwa na sindano na uzi mweupe.

"Shona," alisema. "Mimi nitauliza."

Uzi uliingia mara ya tatu. Nilipoanza kupinda lile pindo, kwa mshono wa siri usioonekana kwa nje, mikono ilikumbuka yenyewe. Aliniuliza tarehe, nikaijibu. Aliniuliza nimeshtakiwa nini, nani ananishtaki, hakimu kazi yake ni nini, wakili kazi yake ni nini, nikikubali shtaka itakuwaje, nikikana itakuwaje. Aliniuliza ni nini kilichokuwa ndani ya majani ya nepia.

"Hakuna kitu," nilisema. "Kulikuwa na majani."

Nilikata uzi kwa meno, nikamrudishia koti lake. Alilikagua pindo, akasema sasa ninaweza kusimama mbele ya hakimu na ataandika hivyo. Nilimuuliza kama ndiyo kusema nimetibiwa ili nishtakiwe. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo, kwa upande wa mahakama ni hivyo, ila kuhusu hali yangu siku ile ya moto ataandika mengine, na hayo hakimu atayapima. Mimi nilikuwa naangalia pindo.

Kisha akasema, kama mtu anayetaka kunifurahisha, "Kaka yako alinisaidia sana. Bila yeye nisingejua ulianza kuugua lini."

"Ulimpigia simu?"

"Alikuja mwenyewe. Wakati huo ulikuwa bado unalala sana. Alikaa kiti hicho hicho ulichokalia."

Nilikitazama kile kiti, nusu nimesimama. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kawaida. Nikauliza kama aliniona.

Daktari alielewa amekosea, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Nilimwambia anaweza kukuona," akasema. "Alisema si sasa."

Alitoka Mwanda alfajiri, akashuka mpaka Voi, akafika Mombasa, akamweleza mtu asiyemjua mambo yangu yote tangu nilipoanza kutembea, na kati yangu naye palikuwa na ukumbi mmoja na mlango wa chuma. Halafu akarudi nyumbani. Nilirudishwa wodini nikalala nimegeukia ukuta. Nilitamani hata zile sauti za matusi, walau zilikuwa zikinijali.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo mtu atadhani niligeukia ukuta kwa sababu ya deko tu.

Nilipokuwa mdogo, kabla hata sijaanza shule, niliichukua suruali ya baba ya Jumapili nikaikata kwa mkasi. Nilitaka kuona ilivyounganishwa. Baba hakunipiga wala hakusema chochote, na siku chache baadaye nikashikwa na homa isiyosikia dawa. Bibi yangu alifika, akauliza watu wa nyumba ile swali moja: nani ana moyo juu ya mtoto huyu? Maana kwa watu wetu, Wadawida wa zamani, hasira ya mkubwa wako ikikaa moyoni bila kutolewa, inakuumiza wewe hata kama yeye hapendi. Baba akakiri kwamba suruali bado inamuuma. Akachukua maji ya muwa kwenye kibuyu, akayajaza mdomoni, akayapuliza nje kwa nguvu yakanirukia uso mzima, akasema hasira yake imeenda nayo. Wazee waliita hivyo kutasa. Homa ilishuka, labda kwa muwa, labda kwa dawa ya zahanati, sijui. Ninachokumbuka ni utamu uliokuwa ukinichirizika mpaka midomoni, na kwamba baba alinibeba.

Kaka alikuwepo. Alikuwa mkubwa kidogo, na hata wakati ule alikunja uso. Baadaye alipoingia mambo ya kanisa alisema waziwazi kwamba hayo ni ya gizani, kwamba sala inatosha. Nami sikubishana naye, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa mjini. Lakini kule wodini, nikiwa na akili zangu zote, jambo hili lilinikalia kifuani. Baba hayupo. Kaka ndiye aliye mahali pa baba. Hakimu angeweza kuniachilia kesho, nami nisingekuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu hata ningepanda mlima nisingeweza kuvuka lile boma akiwa bado ana moyo juu yangu. Na jambo lile haliombwi. Ukimlazimisha mtu apulize maji huku hasira imebaki, umefanya vibaya zaidi. Ilibidi imtoke mwenyewe, naye alikuwa amefika mpaka kwenye kiti kile cha plastiki na haikumtoka.

Nilirudishwa Voi kungoja siku ya kujibu mashtaka. Chumbani nilikuta nimekuwa maarufu. Habari ilishafika kwamba nimetoka Mombasa na barua ya akili timamu, na wale wa upande wa mzee wa Mata waliniona kama mtu aliyekwenda chuo akarudi.

"Tufundishe," walisema. "Hata kidogo. Mtu anaanza vipi? Anaongea peke yake ama ananyamaza?"

Mmoja alitaka kujua kama kula sabuni kunasaidia. Niliwaambia nilikuwa mgonjwa, ninakunywa dawa, nikawaonyesha vidonge. Mzee wa Mata alinikonyeza. Wale wengine, wa magodoro ya mbali, waliendelea kukaa mbali, wakiniangalia mikono. Kwa hiyo nusu ya chumba waliniogopa kwa ugonjwa ambao sikuwa nao tena, na nusu wakanisifu kwa ujanja ambao sikuwahi kuwa nao. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia habari ya ng'ombe yule aliyebaki ndani.

Siku za wageni nilioga, nikavaa shati langu, nikafunga vifungo vyote. Majina yalikuwa yakiitwa kutoka mlangoni, watu wakitoka mbio wakirudi na habari za wake na mashamba. La kwangu halikuitwa. Nilijifunza kukaa nikiwa nimejiweka tayari bila kuonekana nimejiweka tayari, nikishughulika na uzi uliochomoka kwenye kola.

Kisha siku moja likaitwa. Mzee wa Mata ndiye aliyenisukuma, mimi nilidhani nimesikia vibaya, na mtu aliyeugua kama mimi haharakishi kuamini anachosikia.

Mahali pa wageni palikuwa na wavu wa waya katikati, na askari mmoja wa bara, mpya, amekaa kwenye stuli kivulini. Kaka alikuwa amesimama upande wa pili. Alikuwa amekonda, shati lilimlegea mabegani, lakini vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Mkononi alishika chupa ya maji. Askari alikuwa amemwambia hawezi kunipa, ila kwa sababu ya jua anaweza kunywa mwenyewe.

Tulitazamana. Sikuthubutu kuanza mimi.

"Umepungua," alisema.

"Na wewe pia, kaka."

"Daktari ameniambia hizo dawa si za kuacha."

"Siachi."

Alikuwa akitazama mikono yangu kwenye wavu, nami nikaiondoa, nikidhani inamkumbusha. Kisha akasema, "Yule aliyetoka amezaa."

Nilimuuliza ndama ni dume au jike. Akasema jike. Nikamuuliza wanalala wapi, zizi si hakuna. Akasema amejenga lingine, la mabati. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani.

Akafungua kifungo cha shingoni.

Nimemjua kaka yangu maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona akikifungua mbele za watu. Aliinua chupa, akanywa, mashavu yakajaa. Hakumeza. Nilielewa kabla hajafanya, nikashika wavu kwa mikono yote miwili nikausogeza uso wangu karibu. Aliyapuliza. Yalipita kwenye yale matundu yakanipiga machoni, puani, mdomoni, ya uvuguvugu, na yalikuwa na sukari. Alikuwa ameyatia sukari. Kwa lugha yetu akasema kwamba alichokuwa nacho moyoni kimetoka, na kwamba mlango uko wazi.

"Wee mzee!" Askari aliruka kutoka kwenye stuli. "Unamtemea mahabusu mate? Unamtemea mgonjwa?"

Alimshika kaka mkono. Nikapiga kelele, "Afande, muache, hajanitemea, amenibariki!"

"Baraka gani hiyo ya mate?"

Nilianza kucheka. Nililia na kucheka pamoja, maji yananitiririka, na yule askari akanitazama mimi, akamtazama kaka, mzee wa watu mwenye shati wazi na kidevu kilicholowa, akatikisa kichwa.

"Kumbe ni ugonjwa wa familia," alisema.

Kaka hakujitetea. Alikubali kuongozwa kwenda getini akiambiwa asionekane pale tena, na alipofika akageuka. Kifungo kilikuwa bado wazi. Akaniinulia mkono, kisha akatoka.

Nilirudishwa chumbani vile vile. Mzee wa Mata alinipokea mlangoni, macho yake usoni pangu.

"Nani amekumwagia maji?"

"Kaka yangu."

"Na sasa unacheka nini?"

"Ameniruhusu nirudi nyumbani," nilimwambia.

Aliutazama mlango ambao askari alikuwa akiufunga kwa nje. Akanitazama tena, uso uliolowa, meno nje, na nikaona kitu kikibadilika machoni mwake. Hakunikonyeza. Aliinama taratibu akalishika godoro lake, akalivuta mpaka ule upande mwingine, kwa wale wa mbali.

"Pole sana, fundi," alisema kutoka kule. "Nisamehe. Kumbe ulikuwa mgonjwa kweli."

Sikubishana naye. Nilikaa kwenye godoro langu, na nafasi tupu kubwa pande zote, nikauacha uso ukauke wenyewe.